Damu ya Minza Iliyokwenda Mwanza

Sikutaka kuandika haya. Nancy, mwenye kikundi cha wanaomeza dawa pale kliniki, ndiye aliyenizonga. Alinijia nikipalilia, akanijia nikipukuchua mahindi, hata kwenye msiba wa jirani akanivuta kando. Anasema watu wanaokaa kwenye benchi wakingoja kutolewa damu wanataka kusomewa habari ya mtu wa hapa hapa. Kwani mimi redio? Kila nyumba huku ina habari yake, wangeanza na zao. Halafu akaniambia, "Bibi, wewe sema tu, mimi nitaandika." Nikamwambia kalamu yake akae nayo. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima na cheti nilipewa, hata kama panya walikila. Nikisema mimi akaandika yeye, ataweka maneno ya semina. Basi naandika mwenyewe, polepole, na herufi zikipinda mtazisoma hivyo hivyo zilivyopinda.

Habari ni ya mkamwana wangu Minza, mke wa mwanangu Mwandu. Mwenyewe amesema nimtaje. Kwa hiyo asije mtu akaninong'oneza kwamba nimemwaga siri ya watu.

Minza alitoka Mkula. Tulitoa ng'ombe wazuri kwa ajili yake na sikujuta. Ni mrefu, na mikono yake kwenye pamba inakwenda kama ya mtu anayefukuza nzi. Wengine wakijaza furushi moja yeye yuko kwenye la pili, na bado anaimba. Mdomo wake nao si wa kuazima. Siku ya kwanza kunisongea ugali ulitoka laini, nikamwambia, "Huu ni uji wa mgonjwa." Akanijibu akiniita mayu, yaani mama, "Basi leo jifanye mgonjwa mayu, kesho nitakusongea wa mzima." Nilicheka mpaka nikakohoa. Tangu siku ile nikamhesabu kuwa wangu.

Alipopata mimba ya kwanza, kliniki walimpima wakamkuta na virusi. Mwandu naye akapimwa, akakutwa navyo. Mwanangu aliwahi kukaa Lamadi akiuza dagaa, na Minza naye alikuwa mtu mzima kabla hajaja kwangu. Nani alimpa nani sikuuliza, na wewe usiulize. Walipewa dawa wote wawili. Mtoto akazaliwa, tukamwita Sayi, akapimwa, hana kitu. Nami nikajipa kazi. Kila jioni ng'ombe wakiingia zizini, nasimama mlangoni naita, "Wameingia!" Minza anajua maana yake. Anatoka na kikombe cha maji, anameza mbele yangu. Mwandu nilimwachia ameze mwenyewe chumbani kwake, kwa sababu mwanamume hasimamiwi na mama yake kama ndama. Mambo yakaenda hivyo, watu wakanenepa, nikasahau kuogopa.

Ikaja mimba ya pili. Kliniki wakamtoa damu, wakasema inakwenda Mwanza kwenye mashine ya kuhesabu virusi. Sikutia moyoni. Damu kila mara wanatoa. Ilikuwa wakati wa kuvuna, magari ya wanunuzi wa pamba yanapita kila siku. Zamani alikuwa mnunuzi mmoja, chama cha ushirika. Siku hizi kila kampuni ina mzani wake na spika yake, zinapiga kelele barabarani kama wauza mitumba. Katikati ya kelele hizo ikaja simu ya kliniki: Minza aje haraka, na aje na mtu anayemwamini.

Akanichagua mimi. Tulipanda bodaboda moja, mshikaki, mimi katikati, tumbo lake linanisukuma mgongoni mpaka mjini.

Nesi anaitwa Winnie, binti mdogo, anasema taratibu kama anaogopa kumwamsha mtoto. Si wa kwetu, lakini siku ile alinisalimia "Mwangaluka, mayu" kwa Kisukuma. Hapo hapo nikajua kuna baya.

"Minza, dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nikaingilia. "Nesi, huyu anameza mbele ya macho yangu haya. Ng'ombe wakiingia, na kidonge kinaingia. Mimi si mtu wa kudanganywa."

Winnie akaniangalia, akaangalia karatasi yake. "Bibi, ile damu imerudi na majibu. Wanahesabu virusi vilivyomo ndani ya damu kidogo tu. Mtu anayemeza vizuri, tunategemea viwe chini ya elfu moja, au visionekane kabisa. Vya Minza vimepita elfu sitini."

Sikuelewa elfu sitini ya nini. Mimi najua elfu za shilingi na elfu za matofali. Lakini nilimwona Minza ameshika tumbo kwa mikono miwili, na jasho linamtoka juu ya mdomo, na asubuhi ile ilikuwa na baridi.

Nikauliza, "Maana yake nini?"

"Maana yake ni moja kati ya mbili. Ama dawa haifiki tumboni, ama inafika lakini virusi vimeizoea. Ikiwa haifiki, tunaanza kutengeneza leo. Ikiwa vimeizoea, itabidi dawa nyingine. Lakini lazima nijue ukweli, Minza, kwa sababu huyo uliyembeba hatungoji. Virusi vikiwa vingi hivi, ni rahisi kumfikia. Vikishuka kabla ya kuzaliwa, tunamwokoa."

"Nameza," alisema Minza, akalia.

Mimi nikasimama nikasema mashine ya Mwanza imechanganya damu za watu. Nilisema kwa sauti kubwa, waliokuwa nje kwenye benchi walisikia. Winnie hakugomba. Alisema tu, "Inawezekana, Bibi. Tutarudia. Lakini mwezi huu na unaofuata na unaofuata, mje hapa tuongee." Kupingwa nimezoea. Kukubaliwa vile kulinitia hofu kuliko kupingwa.

Nilirudi nyumbani na hofu hiyo. Niliogopa kwa ajili ya yule wa tumboni, asiyejua hata kama kuna Mwanza. Niliogopa kwa ajili ya Minza. Na nitasema na la tatu: mimi ni mzee, nimepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yangu yote, macho yangu ni mekundu kwa moshi. Kwetu huku mkamwana akikonda kwenye nyumba ya mwanamke mwenye macho kama haya, watu hawaulizi kuhusu mashine, wanasema ni mchawi. Niliwajua wanawake waliofuatwa kwa mapanga kwa kidogo kuliko hicho.

Jioni ile ng'ombe walipoingia sikuita. Nilikaa tu kwenye kigoda nikamwangalia. Alitoka na kikombe, akaweka kidonge mdomoni, akanywa, akainama kuelekea kwenye banda la ndama, kama anavyofanya siku zote. Siku zote! Ndipo nikajiuliza, ndama wana nini cha kuangaliwa kila akimeza?

"Minza. Njoo hapa."

Akaja.

"Fungua mdomo."

"Mayu?"

"Fungua mdomo, nimekuambia. Nimewafungua ng'ombe midomo mimi, sitashindwa wewe."

Akafungua. Kidonge kilikuwa shavuni, kimeanza kuyeyuka, weupe wake umemkaa kwenye fizi. Nilidhani nitampiga, na sikuweza hata kuinuka kwenye kigoda.

"Unataka kumuua mtoto?" nilimwuliza. "Sema. Unataka kuniachia maiti mbili?"

"Nikimeza, nitamuua Mwandu," alisema.

Sasa hapa inabidi nikuelezee wewe usiye wa kwetu. Ngoma zetu ni mbili kubwa, Bagika na Bagalu, na zinashindana baada ya mavuno. Watu wanajaa uwanjani, na ngoma inayokusanya watu wengi upande wake ndiyo imeshinda. Mwanangu Mwandu ni ningi, maana yake kiongozi wa ngoma, mtunzi wa nyimbo. Na hakuna ningi anayeingia uwanjani mikono mitupu. Anakwenda kwa mganga anapewa samba, dawa ya kuvuta macho ya watu. Samba ina miiko yake. Mwandu alikuwa ameipata kwa mganga Masele, na mwiko wa Masele ulikuwa huu: mpaka ngoma ivunjwe, yaani msimu wa mashindano ufungwe, dawa ya hospitali isipite kooni mwa ningi wala mwa mwanamke anayemsongea ugali. Ikipita, samba itamgeukia mwenyewe, ataanguka mbele ya watu.

Na usicheke. Kabla ya Mwandu, ningi wetu alikuwa Mashimba. Alianguka uwanjani, povu mdomoni, akafa kabla hajafikishwa kwao. Kila mtu alimwona. Minza alimwona, akiwa binti.

Kwa hiyo tangu mvua zilipokatika, mwanangu alikuwa hamezi, na mkewe alikuwa anaficha kidonge shavuni kwa kuniogopa mimi, kisha anakitema kwa ndama kwa kumwogopea mumewe. Aliniambia haya amekaa chini kwenye vumbi, na kila ng'ombe akipiga kwato anashtuka.

"Nitachagua nani, mayu?" aliniuliza. "Niambie wewe. Yule ni mwanao na huyu ni mjukuu wako."

Nilimwinua pale vumbini, tukamngoja Mwandu.

Mwandu aliporudi mazoezini, njuga bado ziko miguuni, nilimkalisha. Nikamwambia kuhusu elfu sitini. Akasema, "Mayu, unataka nilale uwanjani kama Mashimba?"

"Nataka mtoto wako azaliwe salama."

"Ngoma ikivunjwa tutameza wote. Ni mwezi huu tu na kidogo."

"Tumbo halijui mwezi wako!"

"Na samba haijui tumbo lako!" alinijibu kwa ukali, mwanangu, ambaye hajawahi. Lakini nilimwangalia vizuri nikaona midomo yake inatetemeka. Hakuwa na kiburi yule. Alikuwa ameogopa kunishinda. Nikagundua tuko watatu kwenye nyumba moja, kila mtu anamwogopea mwingine, na kwa kuogopeana hivyo tunamzika wa nne.

Kesho yake nilishika kuku, nikamshika na Minza mkono, tukaenda kwa Masele. Minza alikuwa analia njia nzima akisema tutaharibu. Nikamwambia alie akitembea.

Masele ni mtu mfupi, mcheshi, amekaa kwenye mkeka anapigana na simu yake isiyoshika mtandao. Aliponiona akasema, "Aa, mama wa ningi. Umeleta kuku au kuku amekuleta wewe?"

"Nimekuja unifungulie mkamwana wangu. Ana mimba, na wewe umemkataza dawa."

Simu ikashuka. Akamwangalia Minza, kanga aliyojifunga, akamwangalia kwa mara ya pili. "Ana mimba?"

"Hapana, amemeza mtungi," nikamwambia.

"Nani aliniambia ana mimba? Mwandu alikuja hapa, nikamwuliza habari za nyumbani, akasema wazima tu!"

Na kweli, angesemaje zaidi ya hapo? Kwetu mwanamume hatangazi mimba ya mkewe. Watu wataiona yenyewe ikijitokeza. Kwa mganga ndiyo kabisa, maana mganga wako anaweza kuwa mganga wa adui yako pia. Mwandu alinyamaza kama baba yake alivyonyamaza kwa mimba zangu zote, na kunyamaza huko ndiko kulikotufikisha kwenye elfu sitini.

"Mwenye mimba mimi simfungi," alisema Masele, na utani ulikuwa umemtoka. "Sijafunga hata siku moja. Ndani yake yumo mtu ambaye sijamwuliza." Akamletea Minza maji kwenye kata, akamwambia asukutue, ateme nje ya uzio wa minyaa, asigeuke nyuma. Minza akafanya.

"Na mume wangu?" Minza aliuliza akiwa bado amempa mgongo. "Nikimeza leo, hataanguka?"

"Hutakuwa umevunja kitu. Nenda kameze."

Nikasema, "Na mwanangu je? Mfungue na yeye, naye anaumwa."

"Mwanao naye ana mimba?"

"Masele, usinichezee. Mwanangu atakufa."

Akainamisha kichwa. Akasema wale wote wa ngoma wameonja sahani moja, hawezi kumtoa mmoja katikati na wengine wakabaki. "Ngoma ikivunjwa, mlete siku hiyo hiyo. Nitamfungua, na nitamwambia mwenyewe aende hospitali. Hata mimi dawa zangu za presha nazichukua huko."

Sikuambii kama naiamini samba au siiamini. Niliogopa samba na niliogopa mashine. Nilimwachia kuku.

Jioni ile niliita "Wameingia!" kwa sauti ambayo hata majirani walitoka. Minza akameza, akafungua mdomo mwenyewe bila kuambiwa, akainua na ulimi. Alifanya hivyo kila siku baada ya hapo. Tulimweleza nesi Winnie yote. Nilitegemea atatucheka, lakini hakutucheka. Alisema tu kwamba kwa muda wote ule virusi vilikuwa na nafasi ya kujifunza dawa, na hakuna anayejua kama vimejifunza mpaka damu irudi tena Mwanza. Kwa hiyo Minza alikuwa anameza, lakini huenda alikuwa anameza chokaa. Miezi ile nilikonda mimi. Nikimwona amesimama ghafla shambani, nadhani ndiyo sasa. Mtoto akitulia tumboni, naogopa. Akicheza, naogopa vile vile.

Mashindano yakafika. Minza alikwenda uwanjani na tumbo lake, akasimama mbele kabisa, na hakumwangalia mumewe usoni hata mara moja. Alikuwa anaangalia miguu yake kama itapinda. Mwandu hakuanguka. Aliimba vizuri kuliko siku zote, watu wakamiminika upande wetu wa Bagika mpaka Bagalu wakabaki wanachezea vumbi. Wakapewa dume la ng'ombe. Nikamwambia Minza, sasa ngoma imevunjwa, leo nampeleka kwa Masele.

Haikuvunjwa. Zamani pamba ikiisha na ngoma inaisha. Lakini palikuwepo mtu wa kampuni moja ya pamba pale uwanjani, mwenye shati la kola. Aliona watu wanavyomfuata mwanangu, akaona afadhali wafuate mzani wake. Akaichukua ngoma nzima kwenye lori, wakapige Maswa, wakapige Meatu, kila kituo cha kununulia. Mwandu alisema, "Mayu, wiki chache tu." Hakuchukua kopo lake la dawa. Nilimkimbilia nalo mpaka kwenye lori, akanirudishia mkononi mbele ya wenzake, kwa upole, akanikunjia vidole juu yake.

Minza alitolewa damu tena kabla ya kujifungua. Mtoto akatangulia kufika kuliko majibu. Wa kiume. Wakampa dawa ya maji kwenye kibomba, na mimi nikaogopa hata kumbeba, kama vile hofu yangu ingemwambukiza. Siku tulipoitwa, Winnie alikuwa mlangoni ananingoja. Akasema virusi vya Minza havikuonekana. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Baadaye wakamchoma mtoto kisigino, matone yakakaushwa kwenye karatasi, yakaenda nayo Mwanza. Tukangoja tena, na kungoja kule sikuelezi. Hana. Wanasema watampima tena mpaka aache kunyonya, kwa hiyo bado siwezi kusema nimemaliza kuogopa. Tumemwita Mihayo, maana yake maneno, kwa maneno yote yaliyopita juu yake.

Anatembea sasa. Baba yake hajamwona.

Kutoka Meatu lori lilikwenda Shinyanga, na pamba ilipokwisha wenzake wakarudi, yeye akaendelea na kundi lingine kuelekea Kahama. Kila mahali anakofika anakuta ngoma nyingine na mwiko mwingine. Simu yake haipatikani. Masele ananingoja nimlete, na Winnie naye ananingoja. Damu yake haijahesabiwa na mtu yeyote. Aliyemwona mwisho alisema anakohoa akiimba.

Haya, mmesomewa. Mmekaa kwenye benchi mkasikiliza, na mimi mkono unaniuma. Sasa na ninyi mnifanyie kitu. Mnaosafiri na pamba, mnaouza nguo minadani, mnaokwenda machimboni, mtafuteni. Anaitwa Mwandu, mrefu, ana pengo la jino la mbele, na akianza kuimba utamjua tu. Mwambieni mama yake, Salu binti Ndaki, ameandika jina lake na ugonjwa wake kwenye karatasi, na inasomwa kliniki mbele za watu. Atakasirika sana. Mwambieni akitaka kunigombeza aje anigombeze hapa nyumbani. Mkasirisheni kabisa, asilale, aje.